Askofu Steere na Watu wa Mkunazini

Baada ya sadaka ya mavuno ya mwaka huu lilizuka neno katika mtaa wetu. Majina ya waliotoa yalisomwa mbele ya watu wote kwa kufuata wingi wa vitu walivyoleta, wa magunia kwanza, wa madebe baadaye. Zamu ilipokaribia kumfikia mama mmoja mzee aliyeleta mayai manne, msomaji alikuwa amekwisha kuchoka, akaikunja karatasi yake. Mama yule hakusema kitu. Waliosema ni majirani zake, nao wamesema mpaka leo. Sisi hatutaki kuongeza maneno juu ya maneno, ila tumeona vema tusimulie habari za mtu mmoja wa zamani ambaye maisha yake yote yalikuwa shughuli ya kutoa na kupokea, naye ni Edward Steere, Askofu wa tatu wa ile Misheni ya Vyuo Vikuu iliyoleta Injili Unguja, Magila na Masasi.

Wengi wetu tunalijua jina lake kwa sababu ya Kanisa Kuu la Mkunazini, na sisi walimu kwa sababu ya vitabu. Lakini alikuwa mtu wa namna gani? Picha zake zamwonyesha ana ndevu nyingi na uso wa mtu anayefikiri. Ukimtazama hivyo waweza kudhani alikuwa mkali tu. Tusikilize kwanza alikotoka.

Alizaliwa London tarehe 4 Mei 1828. Alisomea sheria, akafaulu kwa heshima kubwa na kupata nishani ya dhahabu, na mwaka 1850 akapata ruhusa ya kutetea watu mahakamani. Njia ya fedha ilikuwa wazi mbele yake. Lakini kijana huyu aliingia katika chama cha walei kilichoitwa kwa jina la Mtakatifu Albano, ambao kazi yao ilikuwa kuwatembelea wagonjwa na maskini wa mji ule, maana London ya siku zile ilikuwa na umaskini wa kutisha. Alikuwa pia na mtambo mdogo wa kupiga chapa, ambao alijifunza kuutumia kwa kujifurahisha tu. Neno hili tulikumbuke, litarudi.

Mambo ya sheria yakamtoka moyoni. Mwaka 1856 akawekwa kuwa shemasi, na mwaka 1858 kasisi, akapelekwa Skegness, kijiji cha wavuvi kwenye pwani ya mashariki ya Uingereza. Huko watu walimpenda kwa sababu moja: hakuogopa kuvua koti na kukunja mikono ya shati. Wavuvi si watu wa kudanganywa na maneno mazuri. Mtu aliyesoma vitabu vya falsafa, tena aliyehariri maandiko ya Askofu Butler, akishika kazi ya mikono pamoja nao, walimwona ni padre wa kweli. Baadaye akapewa kanisa la Little Steeping, kijiji kidogo karibu na huko, na angaliweza kuzeeka pale kwa amani na vitabu vyake.

Lakini padre wa jirani, William Tozer, alikuwa rafiki yake sana. Askofu Mackenzie alipokufa kwa homa mwanzo wa mwaka 1862, kule kwenye nchi za mto Zambezi na Shire, Tozer akachaguliwa kushika mahali pake. Steere hakutumwa na mtu. Aliona tu kwamba rafiki yake anakwenda peke yake mahali pa mauti, akasema atamsindikiza kwa muda mfupi, kisha atarudi. Muda ule mfupi ukawa maisha yake yote. Twafikiri hapa ndipo wema wake unapoanza kuonekana. Hakuianza safari kwa ahadi kubwa ya kuokoa Afrika. Aliianza kwa kutotaka rafiki yake aende peke yake.

Walifika Zambezi mwaka 1863, wakakaa juu ya mlima Morambala, wakashindwa. Tarehe 31 Agosti 1864 wakatia nanga Unguja. Mji ule ulikuwa soko kubwa la watumwa kupita yote ya pwani yetu. Mara Sultani Majid akawapa wavulana watano, walionyang'anywa wenye jahazi moja la watumwa. Hapa tuseme kweli yetu: watoto wale hawakuulizwa. Walitoka katika mkono mmoja wakatiwa katika mkono mwingine, kama kifurushi. Mtu huweza kutenda wema mkubwa juu ya mtu mwingine bila kumwuliza, na misheni zilikuwa na kosa hilo mara nyingi. Lakini tazama alivyofanya Steere. Watoto hawa hawakujua Kiingereza, naye hakujua lugha yao. Badala ya kuwangoja wajifunze kwake, yeye aliketi akajifunza kwao.

Alijifunza kwa watoto, akajifunza kwa wazee na mashehe wa mji, akawaomba wamsimulie hadithi, akaandika neno kwa neno. Aliporudi Uingereza kwa kitambo, tangu mwaka 1868, alikuwa na karatasi hizi mkononi, na mwaka 1870 vikatoka vitabu viwili, mmoja ukiwa mwongozo wa lugha ya Kiswahili, na mwingine mkusanyo wa hadithi za Unguja. Hadithi hizi hazikubadilishwa ili ziwe hadithi za Kikristo. Zilikuwa za watu wa Unguja, wengi wao Waislamu, naye aliziandika kama zilivyosimuliwa.

Wale waliopita mikononi mwetu darasani watakumbuka kisa cha Sultani Darai. Kimo ndani ya kitabu hicho. Maskini mmoja alikuwa akichakura jaani kama kuku, akaokota thumuni, akaenda akanunua paa. Majirani wakamcheka, kwani mtu asiye na chakula anunua mnyama wa nini? Lakini paa yule akamtafutia almasi, akamwombea binti wa Sultani, akamwua nyoka mwenye vichwa saba na kumpatia bwana wake nyumba yake na mali yote. Siku paa alipougua, bwana wake, ambaye sasa alikuwa tajiri, akaagiza apewe uji wa mtama mbovu, wala hakwenda kumtazama. Paa akafa kwa uchungu, akatupwa kisimani. Bwana yule akalala, na alipoamka alijikuta pale pale jaani, akichakura. Tulipokuwa tukikisoma na wanafunzi, palikuwa na ukimya mwishoni ambao hatukuupata kwa masomo mengine. Kila mtoto alijua kwao nani alimpa mwenzake uji mbovu. Nasi hatukosi kufikiri kwamba Steere, alipokuwa akikiandika kisa hiki kwa mkono wake, naye alijiuliza kama ni bwana au ni paa.

Mwaka 1872 afya ya Askofu Tozer ilikuwa imevunjika, Steere akarudi Unguja kushika kazi. Mwaka ule ule tufani kubwa ilikuwa imeipiga Unguja, ikaangusha minazi na mikarafuu na nyumba. Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni 1873, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa.

Sasa soko lile limefungwa, na uwanja upo wazi, mchafu, wenye kumbukumbu mbaya. Nani ataununua, na kwa nini? Hapa twawaomba wasomaji watulie kidogo, kwa maana jambo hili halisimuliwi sana. Kasisi mmoja kijana wa misheni, Arthur West, alinunua sehemu ya uwanja ule kwa fedha yake mwenyewe, akaitoa. Muda mfupi baadaye alikufa kule kule Unguja. Sehemu nyingine ilitolewa bure na mfanyabiashara Mhindi, Jairam Senji, mtu wa dini ya Kihindu, ambaye hakuwa na haja yoyote ya kanisa. Na saa ya mnara ilipohitajika, mtoaji alikuwa Sultani Barghash, Mwislamu. Kasisi, Mhindu na Mwislamu! Kila tunaposikia Wakristo wa siku hizi wakisema kwamba hiki ni chetu sisi wenyewe na wengine wakae mbali, twamkumbuka Jairam Senji. Ni wangapi kati ya wale wanaopiga magoti Mkunazini wanaolijua jina lake, au jina la West?

Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka 1873. Mwaka uliofuata, tarehe 24 Agosti, Steere aliwekwa wakfu kuwa Askofu katika kanisa la Westminster Abbey, kisha akarudi kwenye zege lake. Twasema zege lake kwa kusudi, maana Askofu huyu alikuwa msimamizi wa ujenzi, siku kwa siku. Kuta zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na saruji. Paa halikuwa la mbao wala la mabati, lilikuwa tao moja kubwa la zege lililopita toka ukuta hata ukuta. Watu wa mji walikuwa na hakika kwamba siku mbao za chini zitakapoondolewa paa lote litaanguka. Mbao zikaondolewa, na paa likabaki juu, na lipo juu hata leo. Ilipofika Krismasi ya 1879 ibada zilikuwa zikifanyika ndani yake, na madhabahu ilisimama mahali ambapo, kama wazee walivyoeleza, ulikuwapo ule mti wa kuwachapia watumwa.

Lakini jengo si kitu cha kwanza. Manowari za Kiingereza ziliendelea kuyakamata majahazi ya watumwa baharini, na watu waliokombolewa walikuwa wakishushwa pwani, wanaume, wanawake, watoto, hawana nguo, hawana kwao, wengine wagonjwa. Kumpa mtu wa namna hii chakula cha siku moja ni wema, wala hatuudharau. Ila kesho yake bado ni mtu asiye na mahali. Misheni ilikuwa imenunua shamba la Mbweni mwaka 1871, na huko wakubwa walipewa nyumba na kipande cha ardhi na kazi. Wavulana wakaenda Kiungani, shule iliyofundisha walimu na makasisi, ambayo baadaye, mwaka 1925, kazi yake ilihamia Minaki. Wasichana wakasoma Mbweni. Steere hakupenda kuwafanya watoto hawa wawe Waingereza wadogo. Alitaka wavae na kula kama watu wa nchi, wasome kwa lugha ya nchi, ili siku watakapotoka wasiwe wageni kwa ndugu zao.

Na ule mtambo wa chapa aliouchezea ujanani? Huko Unguja aliwafundisha wavulana waliokombolewa kupanga herufi na kuchapa. Mtoto aliyeuzwa jana kwa nguo na shanga, leo anasoma kinyumenyume herufi za risasi, anachapa sala ambazo watu watasali. Fundi mwenyewe alikuwa Askofu, mikono yake ina wino. Twapenda kumfikiria pale, na bila shaka kelele za vijana zilikuwa nyingi. Katika chapa ile zilitoka sehemu za Maandiko na vitabu vya ibada, na kabla ya kufa kwake alikuwa amekwisha kulitafsiri Agano Jipya na Kitabu cha Sala. Kiswahili cha Unguja alichokishughulikia ndicho kilichochaguliwa mwaka 1928, huko Mombasa, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Hivyo hata sisi tuandikao maneno haya twakopa kwake, naye alikopa kwa wazee wa Unguja.

Misheni haikuwa ikilipa mishahara. Waliokuja walipewa chakula na mahitaji tu. Mkewe Askofu alibaki Uingereza, na miaka ile mingi waliishi mbalimbali, bahari katikati. Hilo nalo lilikuwa sadaka, na sehemu kubwa aliitoa mama yule ambaye jina lake, Mary Beatrice, halisomwi popote katika makanisa yetu.

Tuingie safari ya Masasi, maana wengine kati yetu asili yetu ni huko. Mwaka 1875 Steere alitembea kwa miguu toka Lindi mpaka kwa Mataka, mkuu wa Wayao, akapokewa kama mgeni. Njia ile ilikuwa njia ya watumwa. Aliyaona kwa macho mahali ambapo watu wake wa Mbweni walitoka, naye akajua kwamba wengi wao walikuwa na hamu ya kurudi bara, kwenye nchi za kwao. Basi mwaka 1876 akaondoka tena, na watu zaidi ya 50 waliokombolewa, waume kwa wake, wakiwa na mizigo yao. Shauri lake lilikuwa wafike mbali zaidi, kuelekea Ziwa Nyasa, wakafanye kijiji chao huko.

Walipofika Masasi, chini ya yale majabali makubwa, watu walisimama. Nchi ilikuwa njema, maji yapo, ilifanana na kwao. Wakasema hapa panatosha, hatuendi mbele. Askofu alikuwa na shauri lake lililokwisha kuandikwa na kutangazwa Uingereza, na watu wa kule walikuwa wametoa fedha kwa ajili ya Nyasa, si kwa ajili ya Masasi. Tunawajua viongozi, wa Kanisa na wa Serikali, ambao katika hali hiyo wangaliwalazimisha watu waendelee kwa faida yao wenyewe. Steere aliwasikiliza. Wakakata miti, wakajenga, wakapanda. Kwa maoni yetu hakuna siku katika maisha yake ambayo aliwatendea watu wale wema kupita siku hiyo. Walikuwa wamechukuliwa bila kuulizwa, wakauzwa bila kuulizwa, wakakombolewa pia bila kuulizwa. Kule chini ya mwamba wa Masasi, kwa mara ya kwanza tangu walipotekwa, walisema mahali pa kukaa na neno lao likawa. Yeye akarudi Unguja, akawaachia William Percival Johnson na wenzake.

Mwaka 1879 akamweka John Swedi kuwa shemasi, mmoja wa wale wavulana wa kwanza. Aliyetolewa na Sultani kama kifurushi akasimama madhabahuni, akasoma Injili. Miaka kumi na mitano ilikuwa imepita.

Steere hakuzeeka. Mwaka 1882 alikuwa amekwenda Uingereza kupumzika, akarudi Unguja, na mwisho wa Agosti mwaka huo ugonjwa wa ghafula ukampata, akafa akiwa na umri wa miaka 54. Walimzika ndani ya Kanisa Kuu, nyuma ya madhabahu. Majuma machache baadaye, mwezi wa Septemba, Wamagwangwara waliishambulia Masasi, nyumba zikachomwa na watu wakachukuliwa. Hakuliona hilo. Waliobaki walianza tena, nao wazao wao wapo.

Kuna jambo moja zaidi, ambalo wenyeji wa Mkunazini huwasimulia wageni. Upande wa magharibi wa kanisa, ndani, pana nguzo fupi kadhaa. Inasemekana Askofu alikuwa safarini wakati zilipoletwa, na mafundi, ambao hawakuwa wamepata kuona nguzo za namna ile, walizisimamisha juu chini. Aliporudi akazikuta zimekwisha kushikwa na saruji. Angaliweza kuamuru zivunjwe, naye alikuwa mtu wa kujali kazi nzuri kupita wengi. Akaziacha. Ukienda leo, tazama juu ya nguzo hizo na chini yake, utaona kwamba bado zimesimama kama walivyoziweka.